Walimu Wawatazame Upya Watoto Wanaoitwa Watukutu

KATIKA kila shule ya msingi nchini yupo mtoto ambaye jina lake hujulikana na walimu wote kabla muhula wa kwanza haujaisha. Halijulikani kwa sababu ameongoza mtihani. Linajulikana kwa sababu hakai kitini, au hanakili kilichoandikwa ubaoni, au akiulizwa swali hutazama dirishani, au kengele ikigongwa huziba masikio na kukimbilia pembeni. Huitwa mtukutu, mzembe, kichwa maji, na pengine huitwa taahira mbele ya wenzake. Kwa kawaida huchapwa. Asipobadilika huchapwa tena. Mwisho wake huachwa nyuma kabisa ya darasa, angoje darasa la saba lifike na lipite.

Wengi wa watoto hao si watukutu wala si wazembe. Ni watoto ambao ubongo wao, tangu tumboni mwa mama, umejengeka kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi. Wamo wenye usonji, ambao mazungumzo ya kawaida na desturi za kukaa na watu huwawia vigumu, na ambao sauti, mwanga au mguso unaovumilika kwa wengine kwao ni maumivu. Wamo wenye disleksia, ambao herufi huwapotea machoni ijapokuwa akili yao ni nzima na pengine ni kali kuliko ya mwalimu anayewafundisha. Wamo ambao umakini wao hautulii mahali pamoja na viungo vyao havikubali kukaa kimya kwa dakika arobaini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Wenye tatizo la umakini na wenye disleksia ni wengi zaidi ya hapo. Makadirio ya kawaida kwa tatizo la umakini ni kama mtoto mmoja katika kila watoto ishirini. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 100, na walimu wa namna hiyo si wachache, hana sababu ya kudhani kwamba watoto hawa wako katika shule ya jirani.

Hali hizo zenyewe si geni kwa watu wengi waliosoma. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya usonji katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, na watoto aliokuwa akiwatafuta aliwakuta. Wanaosema kuwa jambo hili ni la Wazungu au ni mtindo wa siku hizi wamechelewa karibu nusu karne. Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni jeraha linalowapata watoto hao baada ya kuzaliwa, mikononi mwa watu wazima, mara nyingi watu wenye nia njema kabisa.

Jeraha hilo huitwa kiwewe. Mtu akipatwa na tisho kubwa asiloweza kulikimbia wala kulizuia, mwili wake hujiweka katika tahadhari. Moyo hudunda, misuli hukaza, na ile sehemu ya ubongo inayohusika na kufikiri kwa utulivu huiachia nafasi ile inayohusika na kuokoa maisha. Tisho likipita, mwili wa kawaida hutulia. Tisho likirudi kila wiki, tena mahali pale pale na kwa mkono ule ule, mwili hujifunza kutotulia. Usingizi huharibika. Mtoto hushtuka kwa kishindo kidogo. Husahau alichojifunza jana, kwa kuwa ubongo unaongoja kupigwa hauna nafasi ya kuhifadhi majina ya mito na milima.

Sasa na litazamwe jambo hili kwa mtoto ambaye hata bila ya fimbo siku yake ya shule ni ngumu. Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma. Mvua ikinyesha juu ya bati, darasa zima hugeuka ngoma. Asubuhi kuna mchakamchaka, kuna gwaride, kuna nyimbo, kuna mamia ya watoto wanaosukumana mlangoni. Kwa mtoto mwenye usonji mambo hayo yote huingia kwa mkupuo, bila chujio, na ikifika saa nne asubuhi amekwisha kuchoka kuliko mwenzake atakavyochoka jioni. Kisha ratiba hubadilishwa ghafla kwa sababu mkaguzi amefika. Mtoto hulia, au hujitupa chini, au hukaa kimya kama gogo asijibu hata jina lake. Mwalimu huona kiburi. Kiburi dawa yake, kwa mazoea ya shule nyingi, inafahamika.

Utafiti uliofanywa nchini Israel na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima wenye usonji waliohojiwa walikuwa na dalili za kiwewe cha kudumu, wakati kwa watu wengine waliolinganishwa nao walikuwa takriban wanne katika mia. Si kwamba wote walipitia vita au ajali. Wengi walitaja mambo yanayotokea kati ya watu: kudhihakiwa, kutengwa, kuonewa. Jambo linalohesabiwa kuwa dogo na aliye nje, kwa mwenye ngozi nyembamba ya fahamu si dogo. Na kuna la pili lililo zito zaidi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani yalionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili karibu mara nne kuliko watoto wengine. Sababu haina fumbo: mtoto asiyeweza kueleza vizuri kilichompata ni rahisi kumwumiza, na akieleza ni rahisi kutoaminiwa.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya utafiti wa kitaifa kuhusu namna zote za ukatili dhidi ya watoto, wa kike na wa kiume. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, nayo yalisema kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishiwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Serikali ilistahili sifa kwa kukubali kujitazama katika kioo hicho. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti mwingine uliofanywa kwa watoto 409 wa shule ya msingi hapa nchini. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Watafiti waliona pia kwamba adhabu kali ilikwenda sambamba na ugomvi, ukorofi na kutotulia. Ni kweli kwamba kukuta mambo mawili yakiandamana si sawa na kuthibitisha lipi limezaa lingine. Asiyetulia huchapwa zaidi, na anayechapwa zaidi hatulii. Lakini kwa vyovyote vile, asemaye kuwa kiboko ndiyo dawa ya kutotulia ana deni la kueleza kwa nini ugonjwa unazidi kila dozi inapoongezwa.

Hapa ndipo mtego ulipo. Dalili za kiwewe zinafanana mno na makosa ambayo mtoto huyu alichapiwa tangu mwanzo. Alichapwa kwa kutosikiliza. Hofu inamfanya asisikie kabisa. Alichapwa kwa kutoandika. Sasa mkono unatetemeka. Alichapwa kwa utoro wa siku moja. Leo ana utoro wa mwezi. Mwalimu anayetazama kutoka mezani pake anaona mtoto yule yule, kosa lile lile, ila limekomaa, naye kwa uaminifu wote huongeza adhabu. Na daktari asiye mwangalifu, akiletewa mtoto huyo, huandika kwamba ndivyo usonji ulivyo, asiulize ni nini kilichotokea shuleni. Hivyo jeraha hufichwa nyuma ya hali ya kuzaliwa, na hakuna anayelitibu.

Wapo watakaotoa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali ya kweli na haina haja ya kutupwa. Lakini wahenga waliosema maneno hayo walizungumza juu ya mzazi anayeogopa kumkataza mwanawe jambo baya. Hawakuzungumza juu ya mtoto anayelia kwa kuwa hajui alikosea wapi. Makatazo yana maana kwa anayeyaelewa na mwenye uwezo wa kuyatii. Kumchapa mtoto mwenye disleksia kwa kusoma vibaya ni sawa na kumchapa kiwete kwa kuchelewa kufika.

Wala si kwamba sheria imewaachia walimu uwanja mtupu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, ambazo walimu wengi wamesikia habari zake na wachache wamezisoma, zinaweka mipaka. Kiboko ni cha mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi. Visizidi viboko vinne. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo hayupo. Kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa. Mwenye kupita katika shule zetu anajua ni mara ngapi fimbo hutembea safu kwa safu, darasa zima, pasipo ruhusa ya mtu wala mstari mmoja kuandikwa. Adhabu ya jumla ya namna hiyo huwaumiza watoto wote, lakini mtoto mwenye usonji, ambaye hushika kanuni kwa herufi na huamini kwamba asiyekosa haadhibiwi, humvunja kwa namna ya pekee. Baada ya siku hiyo hakuna kanuni anayoiamini.

Mzigo mwingine huangukia mama. Katika mitaa na vijiji vingi mtoto asiyesema kwa wakati husemwa kuwa amerogwa, ni mkosi, ana mapepo, au mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Baba huondoka. Mama hubaki akizunguka kwa waganga, na mtoto huchanjwa chale zisizo na idadi, nalo ni jeraha juu ya jeraha. Wasomi wasiharakishe kucheka. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Ulaya na Marekani, wenye vyeti ukutani, walifundisha kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu kizima mwaka 1967 akishikilia maoni ya namna hiyo, ijapokuwa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuonyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile. Watu walioelimika wa nchi tajiri waliwatwisha akina mama hatia isiyo yao kwa muda wa kizazi kizima. Ushirikina huo ulivaa koti jeupe, basi.

Lakini habari hii haina jeraha peke yake. Wapo waliopita katika hali hiyo wakasimama, na ni muhimu kujua waliwezaje, kwa maana ustahimilivu nao una chanzo chake.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alikuwa mtoto asiyejali watu, anayezungusha vitu sakafuni kutwa, anayeshika namba na maneno kwa kichwa lakini hawezi kuzungumza na mtu. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wampeleke katika kituo cha serikali mbali na nyumbani. Huko alinyamaa. Karibu mwaka mmoja baadaye wazazi walikwenda kumtoa, kinyume cha ushauri wa mkuu wa kituo, wakampeleka Baltimore kwa daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner alichapisha maelezo ya watoto kumi na mmoja, wavulana wanane na wasichana watatu, na wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Donald. Hapo ndipo elimu ya usonji kama inavyojulikana leo ilipopata jina, ingawa mwanamke mmoja wa Urusi, daktari Grunya Sukhareva, alikwisha kueleza watoto wa namna hiyo katika miaka ya 1920 na hakuna aliyemsikiliza.

Kilichomjenga Donald hakikuwa dawa. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka akaishi na mkulima na mkewe, watu wa kawaida wasio na mtoto, kama maili kumi kutoka mjini. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alistaajabia busara yao. Donald alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi awe na makaburi yao. Alikuwa akihesabu safu za mahindi bila kuchoka. Wakamwambia azihesabu huku akilima, na Kanner alimwona akiendesha farasi na jembe, akigeuza mwisho wa kila safu, akihesabu. Alikwenda shule ya kijijini, ambako mambo yake ya ajabu yalikubaliwa, naye akasonga mbele katika masomo. Mwaka 1958 alihitimu chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri peke yake nchi nyingi za ng'ambo. Alifariki mwezi Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Waandishi waliokwenda kumtafuta uzeeni waliwakuta wenyeji wa Forest wakimlinda kama mtu wao, na waliwaonya wageni wasimsumbue.

Yafaa ikumbukwe kwamba familia yake ilikuwa ya Wazungu wenye mali, tena yenye hisa katika benki hiyo, katika jimbo ambalo mtoto mweusi wa miaka ile asingepata hata nusu ya nafasi hizo. Jambo hilo halifuti mafunzo yake. Mwaka 1971 Kanner aliwafuatilia tena watoto wake kumi na mmoja. Wale waliofungiwa katika hospitali za serikali walikuwa wamezimika kama koroboi lililokosa mafuta. Waliokuwa wamefanikiwa, mbali na Donald, alikuwamo mmoja aliyeendesha mashine za kurudufu nyaraka katika ofisi ya serikali, na mkuu wake wa kazi alikuwa ameandika barua ya kumsifu kwa uaminifu, ukamilifu wa kazi na kuwajali wenzake. Watoto hao walianza na hali moja. Waliachana njia kutokana na mahali walipowekwa na watu waliowapokea.

Hilo linakubaliana na utafiti mwingine mashuhuri, wa Emmy Werner, aliyewafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliozaliwa katika shida nzito, kama theluthi moja walikua watu wazima wazima kweli kweli. Karibu kila mmoja wao alikuwa na angalau mtu mzima mmoja asiyemkatia tamaa: nyanya, jirani, na mara nyingi mwalimu. Ustahimilivu, basi, si ugumu wa ngozi unaopatikana kwa kuchapwa sana. Hujengwa na watu.

Mkulima yule wa Mississippi angeielewa vizuri Elimu ya Kujitegemea. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwezi Machi 1967 ulisema kwamba elimu ya msingi iwe kamili kwa yenyewe, isiwe matayarisho ya wachache watakaochaguliwa kwenda sekondari. Shamba la shule, bustani, mifugo na karakana vilikusudiwa kuwa sehemu ya kujifunza. Katika shule nyingi shamba likageuka kuwa mahali pa kutumikia adhabu: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akachote maji. Ni hasara kubwa, kwa sababu ndipo pale hasa ambapo mtoto asiyeweza kukaa darasani, mwenye kuhesabu kila kitu, mwenye kukumbuka ni mche upi ulipandwa siku gani, angeonekana na wenzake kuwa ni mtu wa maana.

Kuna wengine ambao hawaonekani kabisa, nao ni wale waliojifunza kujificha. Wasichana wengi wenye usonji wamo humo. Humtazama mwenzao anacheka lini nao wacheke. Hujilazimisha kutazama watu machoni. Huandaa majibu tangu usiku. Shuleni husifiwa kwa upole. Wakifika nyumbani hujifungia na kulia, na mama haambiwi sababu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulihusisha kujificha huku kwa watu wazima wenye usonji na mawazo ya kutaka kujiua. Kwa hiyo mtoto mtulivu kupita kiasi naye anastahili kuulizwa hali yake, kwa upole na faraghani.

Watoto hao hukua, na baadhi yao wamo maofisini hivi sasa. Yumo karani wa masjala anayekumbuka namba ya kila jalada kwa miaka kumi, lakini akiitwa kwenye mkutano wa ghafla midomo humkauka. Yumo mhasibu ambaye hesabu zake hazina doa na barua zake zina makosa ya herufi katika kila mstari, naye hukwepa kupandishwa cheo ili asije akaandika mbele ya watu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na angalau asilimia tatu ya wafanyakazi wenye ulemavu. Wakuu wa idara wanapohesabu asilimia hiyo hutafuta fimbo nyeupe na magongo. Ni vyema wafahamu kuwa ulemavu mwingine hauna gongo. Mfanyakazi wa namna hiyo hahitaji huruma. Anahitaji maagizo kwa maandishi, taarifa ya mkutano siku moja kabla, na meza iliyo mbali na mlango. Gharama yake ni karatasi.

Kwa upande wa shule, haki inadai isemwe pia kwamba mwalimu anabebeshwa mengi. Ana watoto wengi kuliko madawati. Ana mtihani wa taifa ambao kwa huo yeye mwenyewe hupimwa. Chuoni alisoma saa chache tu, kama alisoma, juu ya watoto wa namna hii. Waliobahatika kupita Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, hawatoshi hata shule moja katika kila kata. Kumwambia mwalimu huyo aache fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi ni kumdhulumu. Lakini kitu kingine kipo. Majaribio yaliyofanywa katika shule za sekondari za hapa Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba mafunzo ya siku chache tu, ya namna ya kuwasiliana na wanafunzi na kuwaongoza pasipo ukali, yalipunguza kwa kiasi kikubwa matumizi ya nguvu ya walimu. Siku chache hizo zingeweza kuingizwa katika semina ambazo halmashauri hufanya kila mwaka, na mara nyingi hutumika kusomeana miongozo ambayo kila mshiriki anayo mkononi.

Yako mengi yasiyohitaji semina. Mtoto anayeogopa kengele aambiwe kabla haijagongwa, au apewe kazi ya kuigonga yeye mwenyewe. Sauti unayoitoa kwa mkono wako haishtui sana. Anayepoteza herufi asimamishwe asome mbele ya darasa siku ambayo yeye mwenyewe amejitolea, wala si kabla, na aulizwe kwa mdomo anachokijua. Asiyetulia atumwe chaki. Aliyekwisha kupandwa na hofu asisemeshwe maneno mengi. Apelekwe chini ya mwembe akae na mtu mmoja anayemzoea mpaka pumzi zirudi, na habari ya kosa izungumzwe baadaye, kesho ikibidi. Na mwalimu huyo mmoja asibadilishwe ovyo. Kwa mtoto wa namna hii uhamisho wa mwalimu katikati ya mwaka ni msiba, na maafisa wanaosaini barua za uhamisho wangefanya vema kuuliza kwanza.

Baraza la Mitihani nalo limekuwa na utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika ishirini kwa kila saa katika Hisabati na dakika kumi kwa kila saa katika masomo mengine. Ni utaratibu mzuri. Asiyeona na mwenye uoni hafifu huupata kwa kuwa tatizo lake linaonekana. Mtoto mwenye disleksia anaukosa kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake katika fomu, na hakuna aliyeliandika kwa kuwa hakuna aliyempima. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 na kuhuishwa baadaye, ulikusudia watoto wenye mahitaji maalumu watambuliwe mapema. Upimaji ukifanyika darasa la kwanza na la pili, fomu za darasa la saba zitajazika.

Ipo njia moja ya kuanza inayoweza kufuatwa juma hili hili. Kitabu cha adhabu kinatakiwa kuwapo katika kila shule kwa mujibu wa kanuni. Afisa Elimu Kata anapokagua shule hutazama mahudhurio, maandalio ya masomo na choo. Aombe na kitabu hicho. Kama hakipo, au kipo na hakina kitu ilhali fimbo ziko juu ya meza, hilo ni jambo la kuandikia taarifa kwa Mkurugenzi. Kama kipo na kimejazwa, asihesabu viboko. Atafute jina linalojirudia. Mtoto aliyeandikwa mara sita katika muhula mmoja kwa kosa lile lile aitwe, pamoja na mzazi wake na mwalimu anayempenda, aulizwe kama anasikia vizuri, kama anaona ubao, herufi zinamfanyia nini, kelele zinamfanyia nini, na usiku analalaje. Kisha apelekwe kupimwa, na wakati majibu yanangojwa, jina lake lisiandikwe tena katika kitabu hicho.